Lori Nililoliendesha Kitandani

Mwenyekiti ameniambia nisimame, nami nimesimama. Ndugu zangu, kwenu hilo ni jambo dogo, mtu kuitwa na kuinuka kutoka kwenye kiti. Kwangu mimi ni nusu ya ushuhuda. Nusu iliyobaki nitaisema nikiwa wima hivi hivi, na yeyote atakayenionea huruma akaniletea kiti, nitamwambia akikalie mwenyewe.

Wengi wenu mnanijua. Kwa wageni waliokuja leo, mimi ndiye yule dereva wa nyumba ya pembeni, hapa ng'ambo ya ukuta. Mnauona ukuta huu wenye kalenda? Upande wa pili ndipo kilipo kitanda changu. Ukumbukeni, maana habari yangu yote imeuegemea.

Desturi yetu katika jumuiya hii ni kutoa ushuhuda bila kumtaja mtu jina. Nitaishika. Lakini kuna wengine hapa wanacheka hata kabla sijafika kwao. Hao watajitaja wenyewe.

Mimi ni mtoto wa mchonga vinyago kutoka Machakos. Baba alikuwa mtu wa kukaa. Alikaa chini ya paa la mabati na patasi yake tangu asubuhi hadi jioni, akachonga twiga na vifaru ambao hajawahi kuwaona. Mimi nilitaka kuwaona. Nilipomaliza sekondari nilipata kazi ya ukarani katika ofisi moja kule viwandani. Dirisha langu lilitazama lango la malori. Asubuhi moja niliteremka kumuuliza dereva anaelekea wapi, akaniambia Mombasa, nikapanda. Kofia yangu niliiacha ikining'inia ofisini. Labda iko hapo hadi leo.

Nawaambia, sikuwahi kuijutia ile kofia. Nilianza nikiwa tanboi, kijana wa kufunga mizigo na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu lori likisita mlimani. Kisha nikashika usukani. Nimeijua Mtito Andei wakati chai yake ilikuwa chai kweli, nzito, ya kushibisha. Nimelala Malaba mpakani nikisikia nyimbo za nchi mbili kwa wakati mmoja. Hata sasa nikifumba macho nasikia harufu ya vumbi la Mariakani mvua inapoligusa mara ya kwanza.

Walipojenga mtaa huu wa Umoja nikapanga chumba changu, lakini kukaa nilikuwa sikai. Nilikuwa na kufuli kubwa la shaba kwenye mlango wa mbele. Majirani wakiona kufuli, wanajua nimeenda. Wakikuta halipo, wanajua nimeleta kitu. Vitunguu kutoka Emali, viazi kutoka Timboroa, asali ya Kitui kwenye chupa ya soda. Nagawa, nacheka nao kidogo, kesho yake kufuli limerudi. Hivyo ndivyo nilivyoishi na watu. Nilikuwa mtu wa kuleta na kuondoka, na nilidhani huo ndio ujirani.

Basi siku moja kule Timboroa, mvua na baridi, nikapanda juu ya shehena kukaza turubai. Nikateleza. Nilitua upande wa kushoto, na paja likavunjika karibu na nyonga. Nililazwa hospitali ya huko juu hadi mfupa ukaungana, kisha dereva mwenzangu akanirudisha Nairobi kwenye lori lake. Lakini mfupa ulikuwa umeungana upande. Daktari wa hospitali kubwa hapa mjini alitazama picha, akasema itabidi uvunjwe tena, unyooshwe, utiwe chuma. Foleni ya upasuaji wa namna hiyo ilikuwa ndefu. Waliovunjika leo walitangulizwa mbele yetu sisi tuliovunjika zamani, na ilikuwa haki, maana wao walikuwa wakilia na sisi tulikuwa tunaguna tu.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyopotea nikiwa nyumbani kwangu. Mwenzangu aliponileta kutoka Timboroa, alipitisha lori uchochoro wa nyuma, kwa sababu mlango wa nyuma, wa uani, uko karibu na kitanda. Akaruka ukuta wa ua akafungua komeo, akanishusha, akaniingiza, akanilaza. Kufuli la mbele hakuligusa mtu. Lilikuwa pale pale nilipolifunga siku ile nilipoanza safari ya Timboroa.

Mnaelewa? Mtaa mzima uliona kufuli. Mtaa mzima ulijua niko safari.

Asubuhi yangu ya kwanza nikasikia sauti uani, upande huu. Alikuwa mama mmoja anayekaanga samaki na kuwauza pale njia panda. Simtaji, lakini chai mnayokunywa ameipika yeye. Alikuwa akianika nguo na mwenzake.

"Yule dereva wetu amepotelea wapi?"

"Nasikia wamempeleka Juba."

"Juba! Basi huyo ameoa huko."

"Nani atamwoa mtu anayelala ndani ya lori?"

Nilicheka hadi mguu ukanikemea. Ningeweza kugonga ukuta wakati ule ule. Mkono wangu ulikuwa karibu nao kiasi cha kuukwaruza rangi. Lakini nilijitazama: ndevu hazijanyolewa, magongo yameegemezwa ukutani, ndoo chini ya kitanda. Nikasema moyoni, ngoja kwanza nipone, kisha nitoke na vitunguu. Sikudanganya mtu. Nilinyamaza tu. Na kunyamaza, ndugu zangu, kuna utamu wake siku chache za mwanzo. Baadaye kunakuwa kama shimo, na unajua wewe ndiye uliyelichimba.

Mwenzangu alikuwa akipita kila alipokuwa mjini, ananiachia unga, maharagwe na mafuta ya taa. Siku zilizobaki nilikuwa mimi na ukuta. Nilijua habari zenu zote. Nilijua nani amekosana na nani juu ya kamba ya nguo. Nilijua mtoto gani ameshindwa kukariri hesabu za saba, nami nilimsaidia kimoyomoyo, hakunisikia. Jioni mafuta yalipoanza kuchemka huku na samaki wakatiwa, harufu ilipita juu ya ukuta ikaja kukaa kitandani kwangu. Na mimi samaki nilikuwa sili! Kwetu sisi watu wa nchi kavu, samaki alikuwa nyoka aliyejifunza kuogelea. Lakini nawaambia, upweke ulinifanya niitamani hata harufu yake, kwa sababu ilikuwa harufu ya watu.

Na maumivu? Maumivu yale yalikuwa kama mpangaji mwenza asiye na adabu. Anaamka kabla yako, anakuelekeza ulale upande gani, na ukianza kufikiria jambo zuri anakukatiza. Vidonge vilimtuliza kidogo, havikumhamisha. Nilijaribu kumkasirikia, akakaa. Nilijaribu kumsahau, akanikumbusha.

Ndipo siku moja, nikiwa nimemaliza kupika uji kwenye stovu kando ya kitanda, nikajikuta nimeshika mfuniko wa sufuria kwa mikono miwili. Ule mkubwa, wa duara. Mikono yangu iliukamata yenyewe, kulia na kushoto, kama inavyokamata usukani. Nikakaa hivyo kidogo. Kisha nikawasha lori.

Chekeni tu. Mimi nilianza kucheka kabla yenu.

Nilitoka Nairobi polepole, nikapita Athi River, nikaitafuta Sultan Hamud. Sikuruka kona hata moja. Maumivu yalipokuja, niliyafanya kuwa mlima. Nashusha gia, natoa pumzi taratibu, naunguruma na injini, nasubiri. Sasa mlima una kitu kimoja kizuri: una kilele. Kila mara nilifika juu, na kila mara kukawa na kushuka. Maumivu hayakupungua, msidanganyike. Lakini yalipata mwanzo na mwisho, na mtu anaweza kuvumilia kitu chenye mwisho.

Kuanzia hapo nikasafiri kila asubuhi. Nikawa na tanboi wa kufikirika, mvivu kuliko wote niliowahi kuwa nao, nikawa namfokea kwa sauti. "Kaza kamba hiyo!" "Weka jiwe! Jiwe, bwana, weka haraka!" Na tukifika Mtito Andei natangaza, "Haya, chai hapa! Tukitoka hatusimami tena!"

Nilisahau kwamba ukuta husikika pande zote mbili.

Kabla sijafika hapo, niwaambie habari ya kliniki. Mwenzangu alinipeleka hospitalini siku yangu ya kuonekana. Nesi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya mwalimu, akaniambia kitanda changu kimepatikana. Nije Jumatatu baada ya Pasaka, mapema. Nilitaka kuruka, nikakumbuka siwezi. Kisha akauliza, "Una watu?"

"Watu wa nini, sista?"

"Wa kutoa damu. Mguu huo utamwaga damu nyingi, nasi damu ya akiba haitoshi. Kila mgonjwa wa namna yako anakuja na watu wake watatu."

"Ninao watu, sista. Tangu Mombasa hadi Malaba."

Akanitazama juu ya miwani. "Mimi nataka walio Nairobi."

Nilicheka, yeye hakucheka. Akasema, "Baba, ukija peke yako hutapasuliwa. Nitampa kitanda mwingine nawe utarudi mwisho wa foleni. Mfupa huo ukikaa sana hivyo, sijui daktari atafanya nini."

Njiani mwenzangu akaniambia yeye ni mmoja wa hao watatu, nisihofu. Wiki hiyo hiyo akapewa shehena ya Kigali. Alikuja kuniaga huku ameinamisha kichwa, nami nikamwambia aende, kwani mimi ningeenda pia.

Siku hiyo sikuendesha. Nililala nikihesabu marafiki. Voi ninaye fundi wa magurudumu ambaye angenipa hata damu ya ng'ombe zake. Webuye ninaye mwenye hoteli. Makindu, Turbo, Bungoma, kote kuna mtu anayeniita kaka. Nikaja Nairobi. Nikaja Umoja. Nikafika mtaa huu, nikawaona watu niliowapa vitunguu, nikajiuliza: kati ya hawa, ni nani anayejua hata kama niko hai? Nilikuwa nimepita kwenye maisha ya watu kama lori linavyopita mjini, linapiga honi, watoto wanapunga mkono, basi. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu, ndugu zangu. Mguu ulikuja kuuonyesha tu.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Maumivu yaliamka vibaya, nikachagua mlima mkali kuliko yote, nikaanza kupanda nikipiga kelele kuliko siku zote. "Weka jiwe! Jiwe lingine! Lete kubwa hilo!"

Upande huu wa ukuta kulikuwa na mkutano ambao sikuujua. Mama wa samaki alikuwa amesikia sauti siku nyingi. Kwanza alidhani ni redio. Kisha akamwambia mumewe kuna wezi wamejificha katika nyumba ya dereva, wako wawili, mmoja anamwamuru mwenzake, na leo wana mawe.

Nikasikia miguu uchochoroni. Kisha mlango wa nyuma ukagongwa kwa kitu ambacho hakikuwa mkono.

"Toka nje! Tuko wengi!"

Nikasema, "Jamani, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mwenye nyumba!"

"Mwongo! Mwenye nyumba yuko Juba!"

"Sijaenda Juba! Niko kitandani!"

"Sikieni huyo! Amelala hata kitandani kwa mwenyewe!"

Sauti nyingine, ya kijana wa pale drafti inapochezwa, ikasema, "Manze, tuvunje mlango tu." Hapo nikaogopa kweli. Mlango ulikuwa umefungwa komeo kwa ndani, na mimi kuinuka kulikuwa kazi ya kuombea. Mnajua jinsi mwizi anavyopokewa Nairobi hii.

Ndipo nikasikia sauti ya mzee mmoja, karani mstaafu wa reli, mtu wa utaratibu. Leo yeye ndiye aliyenisimamisha hapa. Akasema, "Ngojeni. Tumuulize swali. Wewe uliye ndani, kama ni dereva, mara ya mwisho ulileta nini?"

"Vitunguu!" nikapiga kelele. "Vya Emali! Na mama wa samaki alilalamika kwamba vimeanza kuota!"

Mama wa samaki akasema, polepole: "Ni yeye."

"Una hakika?"

"Sikumlalamikia mtu mwingine. Na vilikuwa vimeota kweli."

Mumewe, mfanyakazi wa kiwandani, mnamwona alivyo, kifua kama mlango, akapanda ukuta wa ua na rungu mkononi, akaruka ndani, akasukuma mlango wa chumba. Akanikuta nimeketi kitandani, ndevu hadi hapa, nimeukamata mfuniko wa sufuria. Alinitazama mimi, akatazama mfuniko, akaliteremsha rungu. Akarudi uani kufungua komeo la mlango wa nyuma, na watu wakajaa mlangoni.

Mama wa samaki akawapenya. "Baba, unafanya nini na huo mfuniko?"

Nilikosa uongo. "Naendesha."

"Unaendesha kwenda wapi?"

"Nilikuwa nakaribia Timboroa."

Walicheka, nawaambia! Walicheka hadi kijana wa drafti akaketi chini. Nami nikacheka. Kisha mama akaona magongo, akafunua blanketi bila kuniomba ruhusa, akauona mguu ulivyopinda. Kicheko kikaisha kwake kwanza. Nilingoja anionee huruma. Badala yake akashika kiuno.

"Muda wote huu uko nyuma ya ukuta wangu? Nakaanga samaki kila jioni na wewe unanusa tu, kama paka wa jirani?"

"Sikutaka kuwasumbua, mama."

"Umenisumbua zaidi! Nimelala na shoka chini ya mto kwa ajili yako!"

Siku ile ile kufuli la mbele lilifunguliwa. Kinyozi akaletwa. Jioni sahani ya samaki ikaingia kwa mlango wa mbele, imefunikwa kwa sahani nyingine. Nikasema sili samaki. Mama akasema, "Ulikuwa huli ukiwa Juba. Hapa utakula." Nikala. Hata kichwa.

Jumapili jumuiya ilihamia chumbani kwangu, kwa kuwa mimi nisingeweza kuifikia. Kila mtu alibeba kigoda chake. Sala ilipokwisha walikataa kuondoka. Mama mzazi wa yule mume wa rungu, nyanya yetu, ambaye leo amevaa kitambaa cha bluu na anajifanya hanisikii, akauliza, "Hilo lori lako linapakia abiria?"

"Linapakia, nyanya."

"Nipeleke Kakamega. Sijafika nyumbani siku nyingi."

Nikauchukua mfuniko. Tukatoka Nairobi, chumba kizima. Nilipoteremka Naivasha nikaenda mbio, nyanya akanikemea, polepole, kuna watu wazima humu. Kericho tukasimama kunusa chai. Tulipotoka Kisumu kupanda mlima wa kwenda Chavakali, mguu ulinishika, nikanyamaza, jasho likanitoka. Mwenyekiti akaona. Akasema kwa sauti ya mtu wa reli, "Abiria, tuko mlimani. Tumsubiri dereva." Wakasubiri. Hakuna aliyesema pole. Hakuna aliyegeuza uso. Walikaa tu na mimi mlimani hadi nikafika juu. Ndugu zangu, nilikuwa nimepanda milima hiyo peke yangu muda mrefu. Sikujua kwamba inaweza kupandwa na watu.

Mbele ya Chavakali nikataka kwenda Kakamega moja kwa moja. Nyanya akanipiga begani. "Umelipita lile jiwe kubwa linalochuruzika maji kama machozi! Rudi nyuma." Nikarudi nyuma.

Kila jioni ya wiki ile walikuja, na kila jioni nilikuwa na neno kooni. Jumatatu inakaribia. Watatu tu. Lakini nitawaombaje? Wamenipa chakula, wamenichotea maji, wamenifulia. Sasa nifungue tena mkono niseme, nipeni na damu? Mimi niliyezoea kuleta! Mara mbili nilifungua kinywa, nikaishia kuuliza habari za soko.

Ijumaa Kuu walirudi kutoka kanisani, wakaja kwangu, wakakaa kwenye vigoda. Nyanya akasema tuelekee Mombasa, hajawahi kuiona. Nikaukamata mfuniko. Nikakaa. Nikakaa tu.

"Dereva, vipi?" mwenyekiti akauliza.

"Lori haliondoki."

"Limekwisha mafuta?"

"Limekwama. Nahitaji watu watatu wa kusukuma."

Yule mume wa rungu akakunja mikono ya shati, kwa mzaha. "Tusukume wapi?"

"Hospitalini," nikasema. "Jumatatu. Wanataka damu ya watu watatu, au sipasuliwi. Sina watu. Nilikuwa nikidhani ninao, lakini sina."

Nilisema huku nimetazama mfuniko. Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu, lakini kwa wengine ni siku ya kazi. Na damu, mnajua ilivyo, kuna wanaoamini ukiitoa hairudi.

Mwenyekiti alikohoa. "Damu yangu ni ya mzee wa reli. Utapona, lakini utafika kila mahali ukiwa umechelewa."

Mama wa samaki akasema, "Yangu itakufanya udai kichwa cha samaki hata harusini."

Na mumewe, akijipiga kifua: "Mimi watoe debe zima. Mimi siogopi sindano."

Lakini ahadi ya jioni na asubuhi ya Jumatatu ni vitu viwili. Nilikwenda hospitalini mapema kwa teksi ya jirani, ili niwahi kitanda. Wao walisema watafuata. Mama alikuwa lazima apitie soko la Gikomba kwanza, maana samaki hawamngoji mtu. Niliketi kwenye benchi. Kando yangu alikuwepo mzee mmoja amezungukwa na wana wake kama nyumba na nguzo zake. Upande wangu palikuwa na magongo.

Nesi akapita. "Baba, watu wako?"

"Wako njiani, sista."

Akapita tena. "Wako wapi?"

"Njiani."

Mara ya tatu alikuja na mgonjwa mwingine kwenye kiti cha magurudumu, kijana, na jamaa zake nyuma. Akasimama mbele yangu, na sauti yake ya mwalimu ilikuwa imelainika. Sauti ile laini ndiyo iliyonitisha. "Baba, siwezi kuacha kitanda kitupu."

Niliinamisha kichwa. Nilitafuta mlima wa kupanda, nikakosa. Mikono yangu haikuwa na mfuniko.

Ndipo nikasikia harufu.

Samaki! Samaki mbichi wa Gikomba, katikati ya dawa za hospitali. Kabla sijamwona mtu, watu wote kwenye korido walikuwa wamegeuka. Akaja mama na kikapu kichwani, hakuwa amepata nafasi ya kukifikisha nyumbani, nyuma yake mumewe, nyuma yake mwenyekiti kwenye koti la reli, nyuma yake kijana wa drafti na wenzake, na nyanya akiwa mwisho, anauliza kwa sauti kama hapa ndipo Mombasa.

Nesi akashika kichwa. "Nilisema watatu! Hawa wote ni wa nani?"

Mama wa samaki akateremsha kikapu miguuni pangu. "Wa huyu. Anza popote."

Mnataka kujua ya yule mume wa rungu? Yule aliyeruka ukuta kumtafuta mwizi? Aliiona sindano, akasema, "Liko wapi lile debe," akaanguka kama gunia la mahindi. Walimlaza kwenye kitanda kilichokuwa kando yangu. Nikamwambia, vuta pumzi, ndugu, huu ni mlima tu. Waliochukuliwa damu walikuwa mwenyekiti, mama na kijana wa drafti. Nyanya alikunja mkono wa gauni naye, wakamkatalia kwa umri, akawanunia hadi leo.

Nikapasuliwa. Siwezi kuwaeleza sana, nilikuwa nimelala. Nilipozinduka maumivu yalikuwepo, lakini yalikuwa maumivu mengine, mageni, yenye adabu, yale yanayojua yatahama. Magongo mawili yakawa moja, gongo likawa fimbo, na fimbo hiyo sasa nyanya anaitumia kufukuzia kuku.

Nawashukuru. Mwenzangu dereva, aliyenileta nyumbani na kuninunulia unga bila kunicheka. Nesi yule wa miwani, na madaktari ambao sikuziona sura zao vizuri. Mwenyekiti, kwa swali lake la vitunguu, maana bila swali lile ningezikwa nikiwa mwizi wa mali yangu. Ndugu yangu wa rungu, kwa kuanguka, maana alinifanya nicheke nikiingizwa chumba cha upasuaji. Na mama wa nyumba hii, ambaye alilala na shoka kwa ajili yangu. Mungu ananijua, nami namjua zaidi kwa sababu ya ukuta huu.

Na fundisho, kama mnalitaka kutoka kwa mtu wa barabarani. Kuleta ni kuzuri, endeleeni kuleta. Lakini aliyeleta tu bila kupokea kamwe, watu hawajui waingilie mlango gani siku akianguka. Kama kuna mtu leo amekaa nyuma ya kufuli lake, anaumwa, na sisi tunasema yuko safari, namwambia: gonga ukuta. Gonga kabla hujajinyoa. Hatuji kutazama ndevu.

Nimerudi kazini, safari fupi tu. Kesho alfajiri naenda Kakamega, safari hii na lori la chuma, na abiria mmoja mwenye kitambaa cha bluu, ambaye amefunga kikapu chake tangu Ijumaa. Naam, nyanya, tutasimama kwenye jiwe.

Kwa hiyo kufuli litakuwa mlangoni. Ufunguo huu hapa, mama, uushike wewe. Nikirudi nitaugonga ukuta huu, hata kama sina kitunguu kimoja cha kuwapa. Na siku yoyote mkisikia sauti ndani ya nyumba ile, kufuli liwepo au lisiwepo, msije na rungu. Njoni na vigoda.